Kombe la Karani Abdulhamid

Babu yangu mzaa mama, Abdulhamid bin Shafii, alikuwa karani wa boma la Wadachi, hao Wajerumani, pale Usumbura, na alikuwa mtu mwenye kijicho. Nalisema mapema asije mtu akadai nimemficha kwa kuwa ni damu yangu. Haya nimeyapata kwa bibi Mariyamu, mkewe, aliyeishi nayo ndani ya nyumba. Ya mwisho nimeyaona mwenyewe.

Siku zake zilikuwa siku za karani yeyote. Tarumbeta ya asubuhi ikilia, yeye alikwisha kuvaa kanzu safi na kofia, amekunywa uji, ameshika birika lake la kahawa ya tangawizi. Alipanda kutoka mtaa wa Waswahili, akawapita askari wanaobishania zamu, akawapita watu wa mashauri waliokuwa wakisubiri nje ya boma na mbuzi wao, akaingia kazini. Alikaa juu ya mkeka, ubao magotini, kalamu ya mwanzi sikioni. Barua zote za Ujiji na Tabora zilipita mkononi mwake, kwa herufi za Kiarabu, na kila barua aliifunga kama walivyofunga makarani wote wa zama zile: katabahu Abdulhamid bin Shafii biyadihi, yaani ameiandika Abdulhamid kwa mkono wake. Tangu alipoanza kuwaandikia Waarabu wa Ujiji mpaka siku zile za boma ilikuwa miaka kumi na minane. Bibi alisema hata alipoandika mahitaji ya sokoni, chumvi na mafuta ya mawese, chini alitia katabahu.

Basi mwaka ule malale yalipoanza kuwamaliza watu wa kando ya ziwa, akaletwa karani wa pili. Jina lake Swedi, kijana wa Tanga, amesoma shule ya serikali. Aliandika herufi za Kizungu kwa kalamu ya chuma, na Bwana Mkubwa wa boma aliweza kuzisoma mwenyewe bila kusomewa. Hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa. Kwa miaka yote Mdachi yule alikuwa hawezi kujua Ujiji wanasema nini mpaka babu afungue kinywa. Sasa alikuwa na mtu mwingine.

Wiki ya kwanza Swedi alipewa meza. Wiki ya pili akapewa kiti. Wiki ya tatu meza ikasogezwa dirishani, penye upepo wa ziwa, na babu akabaki mkekani akitazama miguu ya meza. Mliofanya kazi ofisini mnanielewa. Mtu anaweza kuvumilia kutukanwa na mkubwa, lakini mwenzake akipewa kiti chenye mgongo, chakula hakipiti kooni. Jioni babu alirudi nyumbani akawa anahesabu: leo Bwana amemwita Swedi mara tano, mimi mara moja, leo amemsalimu Swedi kwanza.

Na ubaya wa Swedi ni kwamba hakuwa mbaya. Alimwamkia babu shikamoo kila asubuhi. Alimwachia kiti, babu akakataa. Bora angekuwa na kiburi, babu angepata sababu.

Mwezi wa tatu babu aliomba ruhusa akasema amefiwa na shangazi. Hakuwa na shangazi. Alishuka pwani ya ziwa kwa miguu siku mbili hadi Rumonge, kwa Fundi Radjabu, mzee mmoja aliyejulikana kwa kuandika makombe. Kombe ni jambo la kheri kwetu: maneno yanaandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, yanaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Lakini Fundi Radjabu alijua na ya upande wa pili.

“Unataka afe?” Fundi aliuliza.

“Sitaki afe. Nataka mkono wake tu.”

“Iko maneno. Ila utaandika weye mwenyewe. Jina yake na jina ya mama yake. Anywe yote. Na usiongeze kitu, hata nukta.”

Akampa maneno, babu akayashika kichwani. Aliporudi kazini alimmiminia Swedi kahawa, kwa mara ya kwanza, akamuuliza kwa upole, “Mwanangu, mama yako hajambo huko? Jina lake nani, nimwombee dua?”

“Anaitwa Mwamini, mzee.” Swedi alishika kikombe kwa mikono miwili, vidole virefu, vyembamba. “Ahsante sana. Tangu nije Usumbura hakuna mtu aliyeniulizia mama yangu.”

Babu alimhadithia bibi maneno hayo mwenyewe, miaka mingi baadaye, na bibi alisema hakuweza kumtazama usoni mpaka kesho yake.

Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, babu alikaa uani na sahani. Bibi alimwona akiandika haraka, kwa mwandiko ule wake wa kazini, bila kuinua kalamu. Alimaliza, akaosha sahani, maji ya manjano akayamwaga ndani ya birika la kahawa.

“Baba Wema, nani iko mugonjwa?” bibi alimuuliza.

“Karani mwenzangu.”

“Mungu amuponye,” bibi alisema, akaendelea kufagia.

Swedi alikunywa vikombe viwili, birika likaisha. Alishukuru.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu ikaja barua kutoka Ujiji, Bwana Mkubwa akaita ijibiwe upesi, na babu akanyoosha mkono kuchukua kalamu sikioni. Kalamu ilianguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Akautazama mkono wake wa kuume. Ulikuwa palepale, mzima, na vidole vyake vitano. Lakini ulikuwa baridi, na haukuwa wake. Aliufinya kwa mkono wa kushoto. Hakusikia kitu.

Bwana Mkubwa akaanza kufoka. Ndipo Swedi aliposimama kwenye meza yake. Alitembea polepole, mkono wake wa kuume umetangulia, mwili unafuata. Akapiga magoti mkekani. Akaichukua kalamu ya mwanzi, yeye asiyejua alifu wala be, akaandika. Kulia kwenda kushoto. Mstari wa kwanza. Wa pili. Kafu yenye mkia mrefu. Nukta zilizokandamizwa. Ulikuwa mwandiko wa babu, herufi kwa herufi, na Swedi alikuwa anatokwa jasho.

“Mzee,” alinong'ona, “sijui ninachoandika.”

Kalamu haikusimama.

“Mzee. Huu si mkono wangu.”

Ilifika chini ya karatasi ikaandika katabahu Abdulhamid bin Shafii biyadihi, ikalala. Bwana Mkubwa alifurahi sana. Alimpiga Swedi bega akasema sasa ana karani mmoja mwenye miandiko miwili, kwa hiyo yule mzee apewe kazi ya kupanga foleni ya watu wa mashauri.

Babu alirudi Rumonge bila kuomba ruhusa. Fundi Radjabu aliushika ule mkono, akauachia haraka.

“Uliandika nini? Nisomee yote, vile uliandika.”

Babu alifumba macho akasoma. Mkono wa Swedi mwana wa Mwamini, toka kwa mwenyewe. Ndani ya huyu anayekunywa usiwe na raha. Ama maneno ya namna hiyo. Bibi hakupenda kuyarudia yote. Alisoma mpaka mwisho, na ulimi wake haukusimama mwisho. Uliendelea wenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na minane: katabahu Abdulhamid bin Shafii...

Akafumbua macho.

“Umetia jina yako,” Fundi alisema. “Biyadihi: umesema ni mukono wako. Mutu amekunywa mukono wako, bwana.”

“Nifanyeje?”

“Iko rahisi. Enda umuambie kweli. Umuombe. Akikubali kwa roho yake, aoshe mukono juu ya yako, utarudi. Lakini ni yeye tu, na akiwa muzima.”

Babu alirudi Usumbura akiwa na nia hiyo, bibi aliapa kwamba alikuwa nayo. Na Mungu alimrahisishia, maana alimkuta Swedi amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya babu, amekonda, mkono wa kuume ameufunga kwa kitambaa kiunoni.

“Mzee, nisaidie,” alisema. “Mkono huu ukiwa mbali nawe unatafuta karatasi. Unaandika ukutani. Unaandika juu ya mchanga. Jina lako, jina lako tu. Mzee, wewe ni mtu mzima, unajua mambo. Nimekosa nini?”

Neno lilikuwa mdomoni mwa babu. Bibi alikuwa nyuma ya pazia, aliona midomo yake ikifunguka. Lakini macho ya babu yalikuwa yameshuka kifuani pa Swedi, kwenye koti. Lilikuwa koti jipya la kazi, lenye vifungo vya shaba, walilopewa makarani wakuu. Alikuwa amelitamani koti lile tangu boma lilipojengwa.

“Sijui,” babu alisema. “Ni uchovu. Nenda ukalale.”

Swedi akaenda. Husuda ni mbaya, ndugu zangu. Mtu anaona dawa yake imekaa mlangoni, anaifukuza kwa ajili ya vifungo.

Haikupita wiki Swedi alipelekwa Rumonge kuandika majina ya wagonjwa kwenye kambi ya malale. Mwezi mmoja baadaye wavuvi wakaleta habari kwamba ana homa kali, hali chakula. Bibi hakuwa mtu wa kelele, lakini siku hiyo alimtupia babu viatu vyake uani.

“Baba Wema, enda! Enda umuambie, ingali iko pumzi!”

Alikwenda. Alipita Gitaza bila kupumzika. Alifika Magara mchana wa siku ya pili, na kama angeendelea kutembea angefika Rumonge usiku uleule. Lakini aliomba maji kwa mama mmoja aliyekuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwa lile, na mama yule, aliposikia anakokwenda, akaweka mikono kifuani.

“Unaenda kuona karani Swedi? Mungu amuponye! Ule mutoto iko na roho muzuri. Alituandikia sisi wote barua, bure. Hakuna karani kama ule. Hajakuwako.”

Hajakuwako. Babu aliketi chini. Bibi aliniambia kwamba babu hakuficha jambo hili: aliketi kwa hasira. Alikuwa amewaandikia watu wa pwani ile miaka mingapi? Nani alimkumbuka? Akasema moyoni, na angoje kidogo, hafi leo. Akalala Magara.

Alipofika Rumonge asubuhi, watu walikuwa wanatoka makaburini, wengine wananawa mikono.

Babu alipiga magoti kwenye kaburi bichi la Swedi, akauchimbia mkono wake ndani ya udongo hadi kiwiko, akasema yote. Kahawa, sahani, jina la mama, koti. Alisema kwa sauti kubwa mbele za watu. Hakujibiwa. Watu walimvuta wakampeleka kivulini, wakamwosha udongo, wakadhani ni majonzi.

Kesho yake alipoamka, mkono ulikuwa na udongo.

Bibi aliuosha. Kesho kutwa ulikuwa na udongo tena. Udongo mbichi, mwekundu, chini ya kucha zote tano, hata wakati wa kiangazi, hata wakiufunga kwa kitambaa na kufunga mafundo matatu. Kitambaa kilikutwa safi nje, kichafu ndani. Wadachi wakaondoka, Wabelgiji wakaja, nami nikazaliwa, na bibi alikuwa bado anauosha. Nimeuona. Kila asubuhi, kabla ya uji, babu alikaa uani na beseni miguuni, uso ameugeuza ukutani, na bibi akitoa udongo kwa kijiti. Nikiwa mdogo niliwahi kuugusa. Ulikuwa baridi kama maji ya mtungi, na ule mwingine ulikuwa na joto.

Alikufa Jumapili moja, mchana, usingizini. Mzee Kassimu, mwosha maiti, alikuja na ndoo zake, akaomba nimsaidie bibi kufunua shuka. Mwili ulikuwa umekwisha kupoa na kukaza. Mzee Kassimu akaushika mkono wa kuume ili aanze kuuosha, akashtuka, akaniangalia. Nikaushika.

Ulikuwa na joto. Vidole vilikuwa laini, vinakunjika. Kucha zote tano zilikuwa safi.

Bibi aliinama akauweka mkono ule shavuni mwake, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akatazama ubao wa kitanda, upande ule, nasi tukatazama. Palikuwa na alama ya kiganja, ya udongo mwekundu uliokuwa bado unang'aa kwa umaji. Vidole virefu, vyembamba. Babu vidole vyake vilikuwa vifupi, vinene.

“Amekuja kuurudisha,” bibi alisema polepole. “Bila kuombwa.”

Akakaa chini sakafuni, akaanza kulia, na hakuwa anamlilia mumewe.