Nani Alikushinda Hoja, Kwato?

"Radi anasifiwa kuliko anavyopiga. Nakubali. Umeshinda, mpenzi."

Kwato, mpiga drams wa bendi, alisema hayo akiwa ameinua vijiti vyote viwili juu kama mateka anayejisalimisha, na chumba cha mazoezi kikalipuka. Waya, mpiga gitaa, alipiga magoti sakafuni. Mpiga besi alijishika kichwa utadhani ametangaziwa msiba.

"Rudia!" Waya alipaza sauti. "Rudia nirekodi, maana watu hawataniamini!"

"Mmenisikia. Kasi ipo, mahesabu yapo, lakini wimbo uko wapi? Jamaa ni mshono mwingi, nguo hakuna."

Wakacheka mpaka matoazi yakatikisika. Aliyekuwa nyuma ya mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ndiye peke yake hakucheka.

Huyo alikuwa fundi sauti wa bendi. Wenzake walimbatiza jina Masikio, kwa kuwa waya ukilegea popote ukumbini, yeye husikia kabla haujakoroma. Alikuwa pia mchumba wa Kwato. Kadi zilishagawiwa, ukumbi ulishalipiwa, na harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata.

Na huyo Radi? Radi ni mpiga drams anayeabudiwa na wapenzi wa metali, ule muziki mzito wa magitaa, hasa ile metali ya mahesabu, yenye nyimbo ndefu kama safari na mapigo yanayobadilika kabla hujaanza kutikisa kichwa. Wengine walimwita mungu mdogo. Kwato alikuwa akiwauliza huo udogo wameutoa wapi.

Penzi lao lenyewe lilizaliwa na ubishi huo. Siku ya kwanza kukutana, Masikio alitamka kwamba Radi anapiga kama mtu anayelipwa kwa kila pigo. Kwato akamnunia wiki nzima, kisha akarudi na rundo la rekodi kuja kumwongoa. Hakumwongoa, akamposa. Miaka minne walibishana kwenye foleni, jikoni, hata msibani kwa mjomba wake Kwato, mpaka shangazi mmoja akawafokea watoke nje. Kwato hakuwahi kulegeza hata ukucha.

Sasa amelegeza. Masikio alipaswa kucheza. Badala yake aliogopa.

Kwa sababu maneno yale hayakuwa ya Kwato. Kwato aliuza vipuri vya pikipiki, na matusi yake yote yalinuka oili: huyu injini imeungua, yule plagi chafu. Mshono na nguo kavitoa wapi? Tangu utotoni, Masikio alikuwa amesikia msemo ule kwa kinywa kimoja tu. Hotuba ikiwa ndefu, "mshono mwingi, nguo hakuna." Mwanamume akiwa mtanashati asiye na akili, "mshono mwingi, nguo hakuna." Ulikuwa msemo wa dada yake, binti wa mama yake mkubwa, fundi cherehani. Ndiye aliyekuwa anamshonea gauni la harusi. Ndiye aliyekuwa anamshonea Kwato suti.

Wenzao walipotoka kununua maji, alizima mikisa.

"Kwato, nani amekushinda?"

"Si wewe! Leo hutaki ushindi?"

"Mimi nimekushindwa miaka minne. Juzi tu ulinigombeza mbele ya watu kwa sababu ya huyo Radi. Leo umebadilika. Nakuuliza, nani?"

"Nimefikiri tu."

"Umefikiri na nani?"

Kwato akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta pa kuweka mikono.

"Masikio, mtu akikukatalia unakasirika. Akikukubalia unakasirika. Nife?"

Masikio alichukua simu akatoka kwenye korido, akampigia dada yake. Nyuma ya sauti ya dada, cherehani ilikuwa inakimbia.

"Haloo, bibi harusi! Gauni limebaki pindo tu."

"Asante, dada. Yaani nimechoka. Huyu shemeji yako atanitoa roho na ubishi. Leo kanishikilia tena, eti Radi hana mpinzani duniani."

"Muongo huyo! Si alishakubali? Juzi amekaa hapa mpaka..."

Cherehani ikasimama.

"Mpaka nini, dada?"

"Mpaka... nilipomaliza kumpima suruali."

"Dada, Radi ni nani?"

"Si yule... wa huo muziki wenu."

"Miaka yote nimekuomba usikilize wimbo mmoja tu, ukaniambia kelele zetu zinakuuma meno."

"Mdogo wangu, mteja ameingia. Nitakupigia."

Simu ikakatwa. Masikio alichukua mkoba akateremka ngazi bila kuaga. Alikuwa hajafika barabarani ujumbe wa Kwato ukaingia:

"Mpenzi uko wapi? Usiende kwa dada, suti bado haijaisha. Nisubiri twende wote."

Alisoma akitembea. Hakuwa amemwambia mtu yeyote anakwenda wapi.

Duka la dada lilikuwa chini ya ghorofa la ofisi, kati ya kinyozi na mtengeneza funguo. Mlango ulikuwa umerudishwa bila kufungwa. Ndani, nguo za wateja zilining'inia zikiwa na vikaratasi, na katikati, juu ya sanamu lisilo na kichwa, lilisimama gauni lake, jeupe, limetulia. Pembeni ya meza ya kukatia kulikuwa na kipande cha mpira mweusi kilichochakaa katikati. Masikio alikitambua mara moja. Wapiga drams hukitumia kufanyia mazoezi bila kelele. Kwato alimwambia alikipoteza.

Tangu ajue kusema, hakuwahi kuingia kwa dada yake bila kumwamkia. Leo aliingia kimya.

"Marahaba," dada alijibu kwa mazoea, kabla hajagundua kuwa hakuamkiwa.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini, mdogo wangu?"

"Dada, mimi wananiita Masikio. Usinilazimishe kurudia."

Dada alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. Alipomaliza, hakuwa na kingine cha kumchelewesha.

"Alikuja kupimwa suti. Akawa anagonga meza kwa vidole. Nikamwambia, wewe unafuata cherehani yangu. Akasema kumbe umesikia. Siku ya pili akaja na vijiti. Mimi nashona, yeye anagonga. Nikipunguza mwendo anapunguza. Nikikimbia anakimbia. Tukawa tunacheka tu, nakuapia, tulikuwa tunacheka tu."

"Halafu?"

"Halafu akaniwekea huyo Radi. Nikasikiliza mpaka mwisho, nikamwambia nilivyoona. Mshono mwingi, nguo hakuna. Akaweka vijiti chini. Akaniambia, hebu rudia."

"Alisema nini?"

"Hebu rudia."

Masikio alishika ukingo wa meza. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi njiani, ila si kwa hilo.

"Mimi hajawahi kuniambia hebu rudia," alisema polepole. "Hata siku moja. Mimi aliniambia huelewi."

"Mdogo wangu..."

"Mmelala pamoja?"

Dada akageuza uso.

"Usilitazame gauni langu. Nitazame mimi."

"Ni mara..."

"Sikukuuliza mara ngapi!"

Mlango ukasukumwa. Kwato aliingia akihema, kofia ya pikipiki bado kichwani, jasho likimtiririka shingoni.

"Masikio, nisikilize kwanza. Kabla hujasema lolote, nisikilize. Ni kitu cha kupita. Ilitokea tu. Hakuna mapenzi hapa."

Dada akainua kichwa.

"Hakuna nini?"

"Dada, nyamaza kwanza."

"Ahaa! Leo nimekuwa dada? Jumapili uliniita nani? Mwambie basi, mwambie uliniita nani!"

"Nimesema nyamaza!"

"Usimnyamazishe," Masikio alisema. "Huyu ndiye unayemsikilizaga."

Kwato alivua kofia. Nywele zilikuwa zimemlala upande mmoja kama za mtoto aliyeamshwa, na kwa sekunde moja Masikio alitaka kuzirekebisha. Mkono ulinyanyuka wenyewe. Akaurudisha.

"Mpenzi, pale mazoezini nilikubali kwa ajili yako," Kwato alisema. "Nilitaka kukufurahisha kabla ya ndoa. Nikasema, huyu mwanamke nimemsumbua vya kutosha, wacha nimpe alichokuwa anakitaka."

"Ukanipa zawadi ya wizi. Umeiba kwake, ukanifungia mimi."

"Ni maneno tu!"

"Ningekuta unywele kwenye shati lako, ningesema ni upepo. Ningesikia manukato, ningesema ulibanana na watu. Mimi nilikuwa mjinga wako, Kwato, ningekutafutia kisingizio mimi mwenyewe. Lakini wewe unayebishana mpaka na kioo! Mtu akikubadilisha wewe mawazo, huyo umemfungulia mlango ambao mimi nimeugonga miaka minne, nimesimama nje na mvua yangu."

"Unalikuza jambo."

"Mimi ulinibishia. Yeye ulimsikiliza. Hayo mengine labda ningelia nikasamehe, sijui. Hilo siliwezi."

Kwato alitazama huku na huku, kama mtu aliyedondosha ufunguo. Kisha akafanya kosa ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya.

"Basi nimerudi!" alisema kwa sauti kubwa. "Radi ni bora! Hana mpinzani! Nasema mbele yenu nyote wawili, sijabadilika, mimi ni yule yule. Turudi kubishana, mpenzi. Nibishie!"

Dada alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyeona bei ya kitu alichokiiba.

"Huyu ndiye niliyemvunjia undugu," alisema, akimwambia nani haijulikani.

Masikio alivua pete. Haikutoka kirahisi, kidole kilikuwa kimevimba kwa joto. Kwato alifikiri amesita, akasogea. Pete ikatoka. Akaiweka juu ya kile kipande cha mpira mweusi, na haikutoa mlio.

"Kwato, kaa utafute unachokiamini wewe. Ukikipata, mtafute wa kumwambia. Isiwe mimi."

"Na gauni?" dada aliuliza kwa sauti ndogo. Hakuna anayejua kwa nini aliuliza. Labda ufundi ulimtangulia aibu.

"Lipanue kidogo kiunoni, likuenee."

Akatoka.

Alikwenda kukaa kwenye ngazi za ghorofa, mahali ambapo kinyozi hupumzikia. Simu iliita mara moja tu, mama akapokea. Nyuma yake kulikuwa na vicheko vya wanawake na mkokoto wa viti.

"Mwanangu! Tulikuwa tunakutaja sasa hivi."

"Mama, harusi haipo."

"Ati?"

"Haipo."

"Subiri... subiri nitoke hapa sebuleni." Mlango ulifungwa, vicheko vikafifia. "Amefanya nini huyo kijana?"

"Amebadilisha mawazo kuhusu mpiga drams."

Mama alishusha sauti.

"Mwanangu, una homa?"

"Amebadilishwa mawazo na fundi wa gauni langu, mama. Kwa huko kubadilishana mawazo, wamefika mpaka kitandani. Nimetoka kwao sasa hivi. Hawakukana."

Mbali, upande wa pili wa mlango, Masikio alimsikia mama mkubwa akimwelekeza mtu kwamba vitambaa vya meza lazima vipigwe pasi upya, mwanawe ndiye kavishona, asije akaaibishwa.

"Fundi wa gauni," mama alinong'ona. "Mtoto wa dada yangu?"

"Ndiye."

"Mungu wangu." Kisha haraka, kama mtu anayeziba bomba lililopasuka: "Usimwambie mtu. Umenisikia? Sema unaumwa, sema ukumbi umeharibika, sema lolote. Tutajua baadaye la kufanya. Dada yangu hana mwingine ila huyo binti. Tufiche kwanza, mwanangu. Ni damu moja hii."

"Na mimi ni damu gani, mama?"

Mama akaanza kulia, bila kelele, vile wanavyolia watu walio na wageni ndani.

"Nitamwambiaje dada yangu? Tumelala chumba kimoja mpaka tunaolewa. Naanzia wapi?"

"Humwambii wewe. Nikinyamaza leo, Jumamosi wote watauliza mimi nina kasoro gani, na wewe utakuwa umekaa pale ukijua. Mpe simu."

"Mwanangu, tafadhali."

"Mama. Mpe simu."

Alisikia mlango ukifunguliwa, hatua zinazoburuzwa, kelele za nyumba ya furaha zikirudi zote kwa pamoja. Simu ikabadilisha mkono.

"Haloo! Bibi harusi wetu!" Sauti ya mama mkubwa ilijaa kicheko. "Mbona mama yako kanipa simu huku machozi yanamtoka? Si angesubiri siku yenyewe, huyu mwanamke!"

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Haya, niambie."

"Kaa kwanza."

"Nikae tena? Kuna kazi hapa!"

"Naomba ukae, mama mkubwa."

Kicheko kilipungua. Kiti kilivutwa. Mtu aliyekuwa anaimba karibu naye aliambiwa anyamaze.

"Nimekaa," mama mkubwa alisema. "Sema."

Na Masikio akasema.