Chai Huchumwa kwa Mikono Miwili

Asubuhi, jikoni kwa akina Mukami hapakosi mtu. Huyu amekuja kuomba moto, yule ameleta habari za harusi ya kule Manyatta, na hakuna anayenyimwa kikombe cha chai. Mukami, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alizipenda porojo hizo, ila saa ya dawa ilipofika.

"Tembe tena?" jirani yao, Shangazi Celina, alimaka. "Mtoto anameza dawa kama mzee wa miaka sabini! Si minyoo tu hiyo?"

"Si minyoo, Celina," mama alijibu. "Ni utumbo wake unaofura na kufanya vidonda. Daktari alisema ni ugonjwa wa kuishi nao."

Wageni wakamtazama Mukami kama wako matangani. Aibu ilimchoma kuliko maumivu. Alizificha tembe shavuni, akaenda kuzitema nyuma ya zizi.

Tena alikuwa na sababu yake. Kila mwezi alienda kliniki mjini Embu, ambako mshauri, Bwana Ndambiri, aliwafundisha wagonjwa kutulia. Walikaa kimya, wakafuata pumzi ikiingia na kutoka. Wazo la hofu likija, waliliona, wakaliacha lipite. Tumbo lilipomsokota, Mukami alifanya hivyo, na moyo ukaacha kumwenda mbio. "Kumbe pumzi yatosha," alijiambia. "Nayo haina wa kuiuliza maswali."

"Umemeza?" mama aliuliza kila asubuhi.

"Nimemeza, mama."

Wiki ya tatu ya kutema tembe, damu ilirudi chooni. Mukami akafuata pumzi. Hofu ilipungua kidogo, lakini damu haikukoma. Akanyamaza nayo.

Jumamosi walienda kuchuma majani chai. Mikono ya mama ilidonoa machipukizi kama kuku wawili penye mtama. Mukami alibaki nyuma, kikapu kitupu mgongoni.

"We Mukami! Tangu lini chai ikachumwa kwa mkono mmoja?" mama alitania. Alipogeuka, akauona mkono wa pili umelikumbatia tumbo, na uso wa mtoto umesawijika. Akamkimbilia.

"Mama... sijameza dawa. Wiki tatu sasa. Nilikudanganya."

Mama hakugomba. Aliacha vikapu hapo hapo kati ya michai, akambeba mgongoni hadi barabarani.

Mukami alilazwa hospitalini mjini Embu siku nne. Bwana Ndambiri alipokuja wodini, alivuta kiti, akakaa.

"Binti yangu, nilikufundisha kutulia, sikukufundisha kunyamaza," alisema. "Pumzi hutuliza moyo uweze kuubeba ugonjwa. Dawa ndiyo hutuliza utumbo. Na ukituficha, tutakusaidiaje?"

"Hata chai huchumwa kwa mikono miwili," mama akaongeza, akimpangusa machozi. "Mmoja dawa, wa pili pumzi. Ukificha mmoja, kikapu hakijai."

Waliporudi nyumbani jiko lilikuwa limejaa, na habari, hata zile za mikono miwili, zilikuwa zimetangulia. Mukami alitoa tembe mbele ya wote.

"Shangazi Celina, ni utumbo, si minyoo. Una swali jingine?"

Watu wakaangua kicheko. Celina aliweka chini kikombe chake cha chai. Akainuka, akamletea kikombe cha maji.

"Meza, mwanangu," alisema taratibu. "Huo ni mkono mmoja. Sasa nasi tutanyamaza kidogo, ufuate pumzi yako, ule wa pili."