Chumba cha Mkunga

Thadei Sulle wa Endasak alikuwa na ng'ombe wachache, shamba la mahindi na maharage, na chumba kimoja cha kupangisha. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kijiji kilipata zahanati, na zahanati ikapata mkunga, Mwantumu, kutoka Tanga. Nyumba ya serikali ilikuwa bado haijajengwa. Thadei akasema yeye anacho chumba. Alijivuna kidogo, na tusimlaumu, maana alikijenga kwa mikono yake.

Alikijenga kama babu yake alivyojenga. Alichimba mteremko, ukuta wa nyuma ukaegemea udongo wa mlima. Dirisha hakuweka, kwa sababu baridi ya Mlima Hanang haina mchezo.

Mvua zilipoanza, ukuta wa nyuma ukaloa. Nguo za Mwantumu zikaota ukungu. Akaanza kukohoa. Alimweleza Thadei kwa upole, kisha akamweleza tena. Thadei alichukia. Nyumba ya namna ile ilimlea yeye na ndugu zake, na hakuna aliyelalamika.

Hata hivyo alitaka kusaidia. Siku moja, Mwantumu akiwa kazini, Thadei alifungua mlango akaingiza ndama. Kwao ndama hupasha nyumba joto, na mgeni anayeheshimiwa hulazwa karibu naye. Mkunga aliporudi alimkuta ndama anatafuna kanga yake.

Hakupiga kelele. Alimwendea Getruda, mke wa Thadei.

"Dada, nitaomba uhamisho," alisema. "Nikiendelea kulala humu nitaugua. Na chumba anachoingia mtu yeyote, hicho si changu."

 Getruda alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wake wa kwanza alifariki wakati wa kuzaliwa, kwa sababu mkunga alikuwa Katesh, ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. 

"Thadei," alimwambia mumewe jioni ile, "mkunga akiondoka, nani atanizalisha?"

 Sasa hofu ilimwingia Thadei pia.

Asubuhi alikwenda kwa jirani yao, Mama Verdiana, mjane aliyepangisha walimu kwa miaka mingi. Mama huyo hakuwa na maneno matamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya ndama. Kijiji kizima kimeshasikia."

Alifuatana naye, na kwa ruhusa ya Mwantumu akakagua chumba ndani na nje. Kisha aliagiza debe la maji, akalimwaga kwenye mteremko, nyuma ya ukuta. Maji yakazama. Baada ya muda mfupi ukuta ukatota kwa ndani.

"Kwenu moto unawaka kutwa," alisema. "Moto ndio unaokausha ukuta. Mkunga anatoka asubuhi, anarudi jioni. Nani atamwashia moto? Babu yako alijijengea yeye. Wewe jenga kwa ajili ya yule atakayelala humo."

Akamweleza kazi yenyewe. Aondoe udongo wote unaogusa ukuta. Achimbe mfereji upande wa juu, uwe chini kuliko sakafu, upeleke maji pembeni. Ainue sakafu kwa mawe na kokoto, juu yake ashindilie udongo. Atoboe madirisha mawili ili hewa ipite.

"Na ndama?" Thadei aliuliza kwa aibu.

"Ukishapokea kodi, chumba ni cha mpangaji. Ukitaka kuingia, piga hodi. Kama hayupo, subiri."

Thadei alimwomba mkunga radhi. Mwantumu alikubali kulala kwa Mama Verdiana kazi ikiendelea, lakini hakuahidi kurudi. Alisema ataangalia mvua kubwa ikishanyesha.

Majirani walikuja na majembe. Kila wingu lilipotanda juu ya mlima, Getruda alishika tumbo lake. Mfereji ulikuwa haujafika mwisho, na siku zake zilikuwa zimekaribia.

Mvua kubwa ilinyesha mara tu kazi ilipokwisha. Thadei alisimama nje, akaloa chapachapa, macho yake yakiwa kwenye mfereji. Maji yalishuka kwa kasi, yakaingia mferejini, yakapita pembeni. Mwantumu alikuja, akapapasa ukuta kwa ndani, juu mpaka chini. Kisha akaenda kuleta sanduku lake.

Mvua ilikuwa bado inanyesha kulipopambazuka, Getruda akashikwa na uchungu. Mto ulikuwa umejaa tena. Thadei alikimbia hadi kwenye chumba cha mkunga. Mkono wake ulikuwa umeshafika mlangoni, tayari kusukuma. Akaurudisha.

"Hodi," alisema.

"Karibu," alijibu Mwantumu kutoka ndani.

Kabla mvua haijakatika, mtoto alilia.