Dresa wa Jumamosi

Mambo yalianza kwenda mrama Jumatatu moja ya mwaka 1972, pale mgonjwa alipomwambia Onsongo asante.

Onsongo alikuwa dresa, mfunga vidonda na mdunga sindano, katika zahanati moja ya serikali upande wa Nyamira, ambayo jina lake tuliache. Miaka sita alikuwa amefanya kazi pale bila kushukuriwa na mtu, na haki yake ilikuwa hiyo. Alikuwa na dharau ya kutosha wilaya nzima. Akina mama walioshuka kutoka mashamba ya chai na matope miguuni aliwaita mifugo, mbele yao. Bendeji iliyogandamana na kidonda hakuilowesha maji. Aliivuta tu, kisha akamkaripia mwenye kidonda kwa kupiga kelele.

"Asante vile ulinifunga Jumamosi, tata," alisema Nyamoita, bibi kizee wa kijiji cha jirani, akimwita baba kwa lugha ya kwao. "Hata ulinipuliza. Mguu yangu haiumi tena."

"Jumamosi hakuna kazi hapa. Mimi ni Msabato. Umeota."

Lakini bendeji ilikuwepo, imefungwa kwa subira ambayo yeye hakuzaliwa nayo. Alipoinama kuikagua, ilimpiga harufu ambayo haikuwa ya dawa yoyote, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Na sufuria ya kuchemshia sindano, aliyoiacha kavu Ijumaa, ilikuwa na maji vuguvugu.

Hakumwambia mtu. Ila tangu siku hiyo wagonjwa wa katikati ya wiki walipungua, na Jumamosi, kama alivyosikia kwa watu, foleni ilifika barabarani. Habari zikavuma hadi Kisii mjini, akatumwa afisa aitwaye Thadeus achunguze kwa nini zahanati inafanya kazi siku ya kufungwa. Thadeus alikuja Jumamosi mbili, akahoji watu arobaini, akaandika ripoti ya kurasa nne. Ilisema dresa Onsongo hutibu kila Jumamosi kwa hiari yake, kwa upole usio wa kawaida, na inafaa apewe barua ya pongezi.

Nakala ilimfikia Abner, mzee wa kanisa kule Sironga, naye akamwita Onsongo pembeni.

"Ndugu, mimi Jumamosi hizo nilikuona kwa macho yangu ukiimba kwaya," alinong'ona, akiangalia nyuma. "Lakini hii ni serikali imeandika. Watu arobaini! Baraza la kanisa linakaa wiki mbili zijazo. Kama hiyo karatasi haijasahihishwa, unafutwa ushirikani kwa kuvunja Sabato."

Hapo Onsongo aliogopa kwa mara ya kwanza. Kanisani ndipo mahali pekee aliposalimiwa kwa heshima, kwa sababu ya sauti yake nene, na kwa sababu watu wa Sironga walikuwa hawajawahi kuugua mikononi mwake. Akivuliwa heshima hiyo, atabaki nani?

Kesho yake alikuwa mbele ya meza ya Thadeus, barua ya kupinga ripoti mkononi.

"Aya ya tatu ni uongo. Sikuwepo."

"Uliniona mimi mwenyewe, bwana. Ulinikamua jipu hapa shingoni, ukaniambia pole."

"Mimi sijawahi kumwambia mtu pole!"

"Nimekusifu, ndugu yangu. Sasa unataka niandike kwamba wewe ni mtu mbaya?"

"Ndiyo! Andika! Uliza watu wa Jumatatu!"

Thadeus alicheka hadi akavua miwani. Kisha, ili amtoe ofisini, akasema, "Leta shahidi mmoja tu atakayesema yule wa Jumamosi si wewe. Nitasahihisha siku hiyo hiyo."

Mbumbumbu, Onsongo aliwaza akishuka ngazi. Mbumbumbu mwenye kalamu.

Jumamosi iliyofuata alitoroka ibada, akatembea hadi zahanati, jua likiwa utosini. Foleni ilikuwa kimya; hata watoto hawakulia. Alizunguka nyuma, akaweka uso kwenye kioo cha dirisha, na kilichomfanya kwanza asiamini ni vile hakukuwa na cha kushangaza, kwa maana alimwona mtu amevaa koti jeupe lililochanika mfukoni kama lake, mwenye upara wake na kovu lake la kidevuni, ameinama juu ya goti la mtoto akilipuliza taratibu, na stovu ilikuwa inavuma, na sindano zilikuwa zinagongana ndani ya maji, na ile harufu ya majivu ilipenya kwenye ufa wa dirisha ikamjaa kooni, hadi yule mtu alipoinua kichwa polepole bila kuondoa mkono wake juu ya goti la mtoto, akamtazama Onsongo kupitia kioo kwa macho ambayo Onsongo aliyajua vizuri, maana ndiyo aliyowatazamia wagonjwa miaka sita yote, akasema kwa ile sauti nene ya kwaya, "Panga laini kama wengine."

Alikimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope.

Jumamosi ya pili yake alimleta Maalim Gulled, muuza vitambaa wa Kisii mjini aliyejulikana kwa kufukuza majini. Njiani Onsongo alimwita mchuuzi mara mbili. Alimleta Thadeus pia, na karatasi zake. Gulled aliwasha ubani mlangoni, akachungulia ndani, akamtazama Onsongo, akachungulia tena. Uso ulimbadilika.

"Wamefanana mno," alisema chini chini. "Kisomo changu humtoa yule ninayemwelekea. Nikikosea, sina la kurudisha. Nani anawajua hawa wawili?"

"Hawa," Onsongo akasema, akiinyooshea foleni kidole. "Hata mifugo hii inanijua! Semeni! Yule wa Jumamosi ni mimi?"

"Si wewe," watu wakajibu kwa pamoja.

"Umesikia, Thadeus? Andika!"

Thadeus aliandika. Onsongo alijisikia mwepesi. Ripoti imekufa, jina lake litabaki ushirikani.

"Basi mama," Gulled akamgeukia Nyamoita, aliyekuwa mbele, "nionyeshe jini ni yupi."

Bibi kizee hakusita. Alimnyooshea Onsongo kidole, na nyuma yake foleni yote ikanyoosha vidole, hadi kule barabarani.

"Ni huyu wa katikati ya wiki," alisema. "Tumejua tangu zamani, Maalim. Miaka sita tunamvumilia. Binadamu hawezi kufanyia watu vile."

Gulled alivuta pumzi, akamwelekea Onsongo, akaanza kusoma. Onsongo alifungua mdomo apinge, ikatoka harufu ya majivu.