Sapatu za Bohumil

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata Zdeňka, jirani yangu hapa Brno, na Zdeňka si mtu wa kuzua.

Yeye huandika mfumo endeshi wa mashine za kupumulia za hospitali. Kazini kwao wana kikaguzi: programu inayosoma msimbo kabla haujawashwa na kuonyesha penye kosa. Hupiga kelele mno, nyingine za bure, kwa hiyo mwenye hakika huweka alama ya "si kosa", kikanyamaza. Ni mzee Bohumil tu ambaye hakuwahi kuweka alama hiyo maishani mwake. Alifariki kabla ya theluji ya kwanza. Sapatu zake za ofisini zilibaki rafuni mlangoni, na hakuna aliyethubutu kuzitupa.

Mchana mmoja wa theluji, toleo jipya lilikuwa liende hospitali, kwenye mashine iliyokuwa ikimpumulia mama yake Zdeňka. Kikaguzi kilibaki na onyo moja: mpira wa hewa ukimchomoka mgonjwa, kufuli la programu linafungwa na halifunguliwi.

"Weka alama bwana, Zdeni," bosi wake Radek akasema. "Hiyo haitokei hata kwa miujiza. Supu inapoa."

Akaweka. Radek akaenda kula. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Alama ikafutika.

Akaiweka tena. Ikafutika. Nyuma yake, sapatu zikaburuzwa sakafuni. Polepole. Zikasimama nyuma ya kiti chake. Zdeňka hakugeuka.

Akaufuata msimbo kwa kidole, mstari kwa mstari. Kweli. Mpira ukichomoka mara ya pili, mashine ingesubiri kufuli ililolifunga yenyewe. Ingesubiri milele bila kusukuma hewa. Akaongeza mstari wa kulifungua. Kikaguzi kikanyamaza.

"Radek! Usitume!"

"Mbona nilishatuma?" Radek alijibu mlangoni, mkate mdomoni. "Kabla ya supu."

Zdeňka akapiga simu wodini. Nesi akajibu kwa kunong'ona, maana wagonjwa walikuwa wamelala.

"Mpira umemchomoka mara mbili, mama wa watu, lakini anapumua vizuri. Si fundi wenu alishakuja kurekebisha? Yule mzee. Nimemgombeza kweli! Unaingiaje wodini na sapatu za ndani?"

Zdeňka akaenda rafuni. Sapatu zilikuwa palepale. Zimelowa chapachapa, na kwenye soli theluji ilikuwa haijamaliza kuyeyuka.