Silinda Nyekundu

Maiti ililala kifudifudi kati ya mashine ya riso, ile ya kuchapia nakala kwa wino, na meza ya kukunjia kurasa. Stepla ndefu ya chuma, ile ya kubania vitabu mgongoni, ilikuwa kando ya kichwa, na kichwa kilikuwa kimebonyea.

"Hata vidole vimejaa damu," alisema sajenti.

Inspekta alichuchumaa, akagusa kidole cha marehemu. Wekundu ukahamia kwenye glavu yake.

"Damu ya jana jioni haiwezi kung'aa hivi asubuhi. Huu ni wino."

Sajenti alichungulia mashine. Silinda ya wino iliyokuwa ndani ilikuwa ya bluu. Kurasa kwenye trei zilikuwa za bluu. "Sasa mwekundu kautoa wapi?"

"Hapo ndipo umeanza kazi."

Marehemu alijulikana mtaa mzima kama Fundi Riso. Yeye na mshirika wake, Mhariri, walichapa vitabu vya katuni na vya picha katika chumba hiki kimoja chenye harufu ya mafuta. Karatasi zilirundikwa hadi darini, na silinda za wino zilipangwa kwenye rafu, kila moja ndani ya sanduku lake. Mhariri ndiye aliyeikuta maiti. Alikaa juu ya boksi, mkoba wake ameukumbatia kama mtoto mwenye homa.

Alieleza kwamba jioni alimwacha Fundi mzima, akichapa bluu. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba mchana wa jana Kidoti, mpwa wa Fundi, alikuja akamtukana mjomba wake mbele ya wateja na kumwambia afe.

"Binti mkali huyo, Afande. Mdomo kama wembe."

Simu ya Inspekta iliita. Mkuu wa kituo alikwishasikia habari za Kidoti, na alitaka awe ndani kabla ya chakula cha mchana, maana waandishi wa habari walikuwa wamejaa getini. Inspekta aliitika "ndiyo, mkuu" huku meno yameumana. Alikuwa amekaa kazini vya kutosha kujua mchezo huo, na kila mara ulimchoma upya: mwanamke akipaza sauti, tayari ni mtuhumiwa, mwanamume akinong'ona, ni shahidi.

Kidoti aliletwa. Macho yalikuwa yamevimba, kidevu kiko juu.

"Ulimwambia mjomba wako afe?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

Alielekeza kidevu kwenye maboksi ya vitabu vipya vilivyosubiri maonyesho ya kesho. Inspekta akachukua kimoja. Juu ya jalada, mama mmoja kwenye kitanda cha hospitali alikuwa akicheka, meno yake ya bandia yakiwa ndani ya glasi pembeni. Chini yake, kwa herufi nene, jina la Mhariri.

"Huyo ni mama yangu," alisema Kidoti. "Nilimchora wodini mpaka siku ya mwisho. Sasa jalada linasema ni mama yake yule pale. Na aliyekichapa ni kaka yake mama, wa tumbo moja. Ulitaka nimkumbatie, Afande?"

"Alikujibu nini?"

"Hakujibu. Alikigeuzageuza kitabu kama hajawahi kukiona. Nikadhani ananiigizia."

Alipoulizwa juu ya jalada, alieleza kwamba mjomba alichapa kurasa za ndani tu. Majalada yalikuwa kazi ya Mhariri, aliyeyapeleka kiwanda kingine, na vitabu vilirudi kutoka huko vikiwa vimefungwa tayari kwenye maboksi. Alipofika hapo akalitazama jalada upya: basi mjomba hakuwa ameliona kabla ya jana. Kitu kilikuwa kikimwingia taratibu, na kilimuumiza.

"Nyekundu inatumika ukurasa gani?"

"Hakuna. Ni bluu na njano tu. Mama aliona damu ya kutosha."

Inspekta alitazama rafu. Sanduku la silinda nyekundu lilikuwa limefunikwa upande mmoja tu, kibanio kinaning'inia. "Mjomba wako huliacha hivi?"

"Mjomba? Mimi ningeliacha hivyo angenitoa mbio." Kidoti alilikazia macho sanduku. "Afande, silinda ikitolewa, stensili ya mwisho, ile karatasi iliyotobolewa maandishi, hubaki imeizunguka mpaka itengenezwe nyingine. Irudisheni ndani."

Mhariri alisimama. "Mashine yenyewe mbovu hiyo, mtaiharibu bure."

"Kaa," alisema Inspekta.

Mtaalamu wa alama za vidole alipomaliza unga wake na picha zake, sajenti alitoa silinda ya bluu akaingiza nyekundu. Juu ya kioo cha mashine hapakuwa na karatasi yoyote ya kunakiliwa. Akabonyeza. Mashine ikakohoa, ikatema karatasi moja.

Ulikuwa mwandiko wa mkono, mwekundu, mbichi:

"Kitabu hiki kimechorwa na mpwa wangu, Kidoti. Aliyeweka jina lake juu ni mwizi. Mimi niliyekaa naye chumba kimoja nisimwone ni mjinga. Nisamehe, mwanangu."

Kidoti aliketi sakafuni palepale. "Angeniambia," alisema. "Angenipigia tu akaniambia."

Inspekta alimgeukia Mhariri. Hasira ilikuwa imempanda hadi masikioni, lakini sauti ilitoka kavu.

"Fungua mkoba."

"Ni vitu vyangu binafsi."

"Fungua."

Ndani hamkuwa na karatasi hata moja. Lakini wino wa riso hunywewa na karatasi tu; kwenye nailoni haukauki. Bitana yote ilikuwa na maneno mekundu kinyumenyume, yamepandana. Hata hivyo neno "mwizi" lilisomeka.

"Karatasi umezipeleka wapi?"

"Nimezichoma."

Inspekta alimpa onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litatumika mahakamani. Mhariri alicheka bila furaha.

"Alisema ataweka hiyo karatasi ndani ya kila kitabu. Nikamsihi. Nilimpigia magoti, Afande, mimi! Akaendelea kuchapa, hata uso hakunigeuzia. Stepla ilikuwa karibu." Alifuta midomo. "Nikabadilisha silinda ionekane ni kazi ya kawaida."

"Kwa nini kitabu hiki?"

"Kwa sababu ni kizuri!" Sasa alikuwa akipiga kelele. "Nimewasahihishia watoto hawa wachoraji, nimewabebea maboksi, wanapanda jukwaani wanapigiwa makofi, mimi niko nyuma nashika makoti yao. Nilitaka kimoja. Kimoja tu!"

"Una mama?" aliuliza Kidoti kutoka sakafuni.

"Alishakufa."

"Si ungemchora wa kwako."

Mhariri alinyoosha mikono mbele. Sajenti akamtia pingu.

Simu iliita tena. Inspekta aliona jina la mkuu wa kituo, akaiacha iite. Alikuwa akitazama maboksi ya vitabu, kisha rimu za karatasi nyeupe, kisha Kidoti.

"Sajenti, kabla hatujaifunga hiyo mashine kama kielelezo, hakikisha inafanya kazi."

"Si tumeshahakikisha, Afande?"

"Hakikisha tena."

"Mara ngapi?"

Inspekta alivuta boksi la kwanza, akararua utepe wake. "Hesabu vitabu."