Dawa Mbili, Gurudumu Moja

Kengele ya kutoka ilipolia, wenzake waliondoka wawili wawili. Chiriku alishika njia ya karakana ya shangazi, peke yake. Jina hilo la utani alipewa na mama yake kwa kupenda kwake kuzungumza. Tangu mama ahamishwe kikazi na kumwacha kwa shangazi, hakuwa na wa kuzungumza naye. Shuleni alikuwa mgeni, na nyumbani kulikuwa na viti vitupu mpaka jioni. Alikuwa mpweke, wala hakuna namna ya kulipamba neno hilo.

Shangazi alikuwa fundi wa kung'arisha vyombo vya shaba. Chiriku alimsaidia kulisha magurudumu ya kitambaa: gurudumu likizunguka, aligusisha mche wa dawa ya kung'arishia, mgumu kama sabuni ya kufulia, akahesabu moja, mbili, akauondoa. Gurudumu la kwanza lilikula dawa ya kahawia, yenye kukwangua. La pili lilikula dawa nyeupe, ya kumalizia.

"Hao hawali sahani moja," Shangazi alizoea kumtania. "Wakila pamoja, kazi imeharibika."

Siku hiyo Shangazi alitoka kuzungumza na mteja mlangoni. Chiriku, mawazo yote yakiwa kwa mama, aligusisha mche wa kahawia kwenye gurudumu la dawa nyeupe. Aligundua kosa papo hapo. Alizima mashine, akafuta doa kwa kitambaa mpaka likafifia, akanyamaza. Akisema, si ataambiwa abaki nyumbani na vile viti?

Shangazi alirudi, akavaa miwani ya kazi, akawasha mashine, akagusisha tarumbeta ya mwanamuziki mmoja kwenye gurudumu lile la dawa nyeupe. Shaba ikatoka na mikwaruzo. Akarudia, ikazidi. Alizima mashine, akaipeleka tarumbeta dirishani, akafikicha macho.

"Basi, mwanangu, macho yameniaga," alisema kwa sauti ya chini. "Nimechanganya dawa bila kuona. Miaka ishirini sijawahi. Mwenye tarumbeta nitamwambia atafute fundi mwingine, nami nifunge karakana kabla sijaharibu zaidi."

Chiriku alitazama mlango, kisha akatazama ile tarumbeta mikononi mwa shangazi.

"Macho yako ni mazima, Shangazi. Ni mimi. Nilikosea gurudumu, nikafuta, nikanyamaza. Niliogopa utanirudisha nyumbani. Kule hakuna mtu."

Shangazi aliiweka tarumbeta mezani, na Chiriku, akidhani amefukuzwa, akaanza kurudisha madaftari yake kwenye begi. Shangazi alichukua spana, akalifungua gurudumu lile, akafunga jipya.

"Weka begi chini. Leta mche mweupe."

Walifanya kazi pamoja mpaka mikwaruzo ikaisha.

"Kosa lako limekula nusu saa tu," Shangazi alisema. "Ukimya wako ulitaka kula kazi yangu yote. Ukikosea, sema palepale, maana kosa ukilificha, mwenzako ndiye anayelibeba. Na upweke nao usinifiche. Mashine hii hupiga kelele kutwa, lakini haijawahi hata siku moja kuniuliza nimeamkaje."